Ukurasa Ambao Haujafika

Foleni ya chipsi pale Njiro ilikuwa ndefu na jua halina huruma. Faudhia, gauni la kijani, mtandio umeshateleza mabegani, alikuwa anafoka kwenye simu.

"Kaka, seva yenu imezima tena mfumo wetu wa kupokea maziwa! Wafugaji wa Akheri wamesimama na madumu, hawapokelewi!"

"Samahani dada, naomba utulie."

Sauti ilitoka simuni na nyuma yake pia. Aligeuka. Kijana mrefu, mikono ya shati imekunjwa, simu sikioni.

"Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi, Najim. Naomba unigombeze huku unakula."

Alikula, akagombeza, akaishia kucheka. Kufikia mvua za vuli Najim alikuwa ameshaanza kumwita "roho yangu", na habari za kutuma washenga zilikuwa zimeanza kutajwa.

Lakini mfumo wa maziwa, ulioandikwa na Faudhia, uliendelea kuzima. Kampuni ya Najim iligawa kompyuta moja kubwa kuwa mashine pepe nyingi, yaani kompyuta ndogo za kiprogramu ambazo wateja walikodi, na yeye ndiye aliyeandika programu ya kuzisimamia. Kila mashine iliahidiwa kumbukumbu yake, lakini ilipewa kipande kimoja kimoja, kinachoitwa ukurasa, kadiri ilivyohitaji. Ikigusa ukurasa ambao haujafika, programu ya Najim ilitakiwa iisimamishe kidogo, iulete, kisha iiache iendelee. Mashine ya Faudhia haikuachwa iendelee. Iliuawa.

Kikaoni, mbele ya Mzee Sifaeli, bosi wa Faudhia, Najim alisema bila hata kupepesa macho, "Programu ya Faudhia inagusa kumbukumbu isiyo yake."

Wala hakuwa ameangalia. Faudhia akapewa onyo: mfumo ukizima tena, kazi hana. Mwanaume anakuita roho yangu Jumapili, Jumatatu anakuuza kikaoni! Aliacha kupokea simu zake. Alichimba mwenyewe mpaka akaipata hitilafu, ndipo akampigia.

"Roho yangu, hatimaye..."

"Usiniite hivyo! Sikiliza. Ukurasa ukiwa umehamishiwa diski, unachelewa kurudi. Programu yako haina subira. Inaona umechelewa, inasema mashine imekosea, inaiua. Fungua uangalie."

Zikasikika batani za kompyuta, halafu pumzi ndefu.

"Ni kweli. Ni yangu. Narekebisha sasa hivi mpenzi, hakuna atakayejua."

"Hakuna atakayejua? Najim, una wazimu? Mimi nataka wajue!"

Akakata.

Asubuhi Najim aliingia ofisini kwa kina Faudhia, shati limekunjamana, macho mekundu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nilimsingizia Faudhia. Kosa ni la programu yangu, na sikuwa nimeangalia kabla ya kusema. Mashine yake iliomba kilicho chake."

Mzee Sifaeli aliguna, akafuta onyo palepale. Faudhia hakutabasamu. Alitoka nje, Najim nyuma yake.

"Mpenzi, washenga waje Ijumaa?"

"Nimekasirika."

"Najua."

"Hiyo Ijumaa nitakuwa bado nimekasirika. Utawaambia washenga wako nina kasoro?"

"Nitauliza kwanza nimekukosea nini."

Alimtazama. Hasira haikuwa imemtoka, na bado alimpenda, jambo lililomuudhi zaidi.

"Waje. Lakini leo utangulie wewe, kwa mama. Alinisikia nikilia, nikamdanganya kwamba ni kichwa kinauma. Ukamwambie mwenyewe ulichonifanyia."

Najim alinyoosha shati lake lililokunjamana.

"Twende," alisema.