Hori Lililoandikwa Mto

Mashua ilikita tumbo matopeni mwa hori, mkono mwembamba wa maji ya bahari kati ya mikoko, kulipopambazuka, siku ya bamvua kuu, maji yanapojaa kuliko siku zote, na injini ikazimika. Mzee Bwanaheri, nahodha wa Kiongoroni, alishuka kuisukuma. Kisiki cha mkoko, kilichoachwa na wakata boriti, kikamtoboa kigimbi. Alitazama damu ikichanganyika na tope, akasema, "Mwalimu Zuena, nipe hiyo kanga."

Zuena alifundisha jiografia Kibiti, na kwa miaka mitatu alikuwa miongoni mwa waliojitolea kuchora ramani ya delta mtandaoni. Hori hili alilichora yeye, mezani, akifuata picha ya setilaiti. Picha ilionyesha maji. Akaliwekea lebo ya mto na kuuelekeza mstari baharini, kama kanuni inavyotaka, ingawa maji ya hapa huenda na kurudi mara mbili kwa siku. Sasa alikuwa amekuja kuhakiki kazi yake, naye ndiye aliyechagua njia hii ya mkato kwenda Nyamisati.

Mtandao haukuwapo. Ramani iliyohifadhiwa kwenye simu ilifunguka hata hivyo, ikaonyesha nukta yao katikati ya mstari wa buluu. Kwa mujibu wa ramani, walikuwa wakielea.

"Maji yatajaa tena jioni," alisema Zuena.

"Yatajaa. Ila sisi tumekwama kwenye kilele cha bamvua. Ya jioni yatapungua shibiri, ya kesho yatapungua zaidi. Mashua hii itaelea bamvua lijalo, wiki mbili kutoka leo." Akalitikisa dumu. "Na ya kunywa ni haya."

Jioni maji yalikuja, yakalamba ubavu wa mashua, yakaondoka. Asubuhi ya pili hayakufika hata hapo. Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba hadi gotini na unanuka, na Zuena alimnywesha mzee kwa kifuniko cha dumu.

"Mwaka jana niliandika kwenye hiyo ramani yenu," alisema Bwanaheri, midomo imempasuka. "Kwa kidole kimoja, kutwa nzima. Nikasema hapa hukauka."

Zuena aliikumbuka taarifa ile. Aliifunga mwenyewe bila kubadili kitu, kwa kuwa haikutaja chanzo.

"Sasa kwa nini ulikubali kupita?"

"Sijafika huku tangu siku hizo. Nikaona mmenijibu: 'Imetatuliwa.' Nikasema, kumbe watu wa Kibiti wamelichimba." Akafumba macho. "Ningekuitaje mwongo, mwalimu mzima?"

Mzee akaendelea, macho yamefumbwa vilevile.

"Ng'oa mbao mbili za sakafu. Lalia moja, sogeza nyingine. Usisimame, ukisimama umekwisha. Kwenye mkondo mkubwa hawakosi wakata boriti."

"Upande gani?"

"Yanakokimbilia maji. Si ya kwenye simu. Haya."

Alitambaa tangu asubuhi hadi alasiri. Chaza walioshika mizizi walimchana viganja. Tope lilimfunga kope. Mara mbili aliulaza uso juu ya ubao, akaridhika kufa. Mara zote mbili kilichomwinua ni harufu ya ule mguu, iliyokuwa imebaki katika nguo zake. Mkata boriti aitwaye Mudrick alimkuta ukingoni, hawezi kusema, ananyoosha mkono tu kuelekea alikotoka.

Bwanaheri alifika hospitali akiwa hai. Mguu ulikatwa juu ya goti.

Miezi miwili baadaye Zuena alikwenda Kiongoroni. Mzee alikuwa barazani, magongo yamelazwa kando. Zuena alitoa simu, akaifuta lebo ya mto mbele yake, akaandika kwamba hori hukauka maji yakipwa.

"Wanataka chanzo," alisema.

Bwanaheri alilikunja vizuri pindo la msuli pale ulipokuwa mguu. "Waandikie."

Zuena aliandika: *Mguu wa Bwanaheri.* Akatuma.

"Watakubali?"

"Sijui, mzee," alisema Zuena. "Mimi nisingekubali."