Nyuma ya Kadi Nyeusi

Duka la vifaa vya ofisi lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na wazazi waligombania madaftari kana kwamba baada ya hapo hayatachapishwa tena. Katikati ya kusukumana huko, mikono miwili ilitua kwa wakati mmoja juu ya pakiti ya mwisho ya kadi nyeupe zisizo na mistari.

Mkono mmoja ulikuwa safi, kucha zimepakwa rangi ya zambarau. Wa pili ulikuwa na grisi kwenye vifundo, na kiganja chake kizima kimeandikwa kwa kalamu ya bluu.

"Samahani kaka, nimekutangulia," alisema mwenye kucha.

"Tumefika pamoja, dada. Zilizotangulia ni kucha."

Mwanamke alimgeukia amuoneshe kazi, akashindwa kukunja uso. Mbele yake alisimama kijana mrefu ndani ya ovaroli ya bluu, mfuko wa kifuani umechanika, anatabasamu bila habari kwamba ana doa la grisi juu ya pua. Kijana naye aliona blauzi ya njano iliyonyooshwa kwa pasi ikanyooka, sketi nyeusi, na penseli iliyochomekwa kwenye nywele.

"Unazitaka za nini?" mwanamke aliuliza, bila kuiachia pakiti.

"Mimi ni fundi wa lifti. Nachomeka kadi kwenye mlango kupima nafasi. Ikipita bila kukwama, mlango uko sawa. Ikichafuka, natupa."

"Unatupa!" Alijishika kifua. "Mungu wangu, unatupa kadi!"

"Kwani wewe unazifanyia nini?"

"Naishi nazo. Kila jambo langu lina kadi yake. Kupeleka viatu kwa fundi, kadi. Siku ya kuzaliwa ya shangazi yangu, kadi. Asubuhi nafungua boksi, naijua siku yangu nzima, kichwa kinabaki na nafasi ya mambo ya maana."

"Kama yapi?"

"Kama kutobishana na watu dukani."

Fundi alifungua kiganja chake. "Basi mimi ofisi yangu ndiyo hii."

Mwanamke aliinama akasoma: waya wa lifti ya nne, soksi, kumpigia simu... Hapo wino ulikuwa umefutika. "Kumpigia simu nani?"

"Sijui tena. Nilinawa."

Alicheka mpaka penseli ikamdondoka. Wakagawana pakiti palepale kaunta, kadi hamsini kwa hamsini, foleni nzima nyuma yao ikiguna. Kwenye mojawapo ya kadi za Fundi, mwanamke aliandika nambari yake ya simu na anwani ya blogu yake, Kila Kitu Mahali Pake.

"Ukitaka kuishi kama binadamu, soma hapo. Naandika kila Jumapili, huu mwaka wa sita."

"Una wasomaji wangapi?"

"Arobaini na watatu."

"Elfu?"

"Arobaini na watatu, Fundi. Watu."

"Nitasoma yote, Bi Kadi. Neno kwa neno."

Jina la Bi Kadi likamganda, na sisi tutamwita hivyohivyo. Kuhusu kusoma, Fundi hakusoma hata mstari mmoja. Ile kadi lakini hakuitupa, na kesho yake saa nne asubuhi alipiga simu.

Bi Kadi alikaa mapokezi katika kliniki ya meno, ghorofa ya tatu ya jengo lenye vioo vya kijani. Lifti ya jengo lile haikuwa na ugonjwa wowote. Hata hivyo, katika miezi mitano iliyofuata ilikaguliwa mpaka walinzi wakaanza kuogopa kuipanda. Siku ambazo hakupata kisingizio cha kuja, Fundi alipiga.

"Bi Kadi, umekula?"

"Nimekula saa saba kamili, kama ilivyopangwa."

"Na mimi nimepangwa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu. Usichelewe, nina wewe mpaka saa moja."

"Unanipima kama dawa, mpenzi!"

"Dawa yenyewe chungu. Haya, nina mgonjwa hapa, shavu limemvimba."

Bi Kadi alijaribu kumfundisha. Alimpa boksi dogo, akampangia kadi kwa mafungu, na baada ya wiki moja boksi lilikuwa limejaa misumari na kadi zote zimefuliwa pamoja na ovaroli. Bi Kadi alikasirika kwa dakika tano hivi. Kisha akagundua kwamba kwenye kiganja cha Fundi kulikuwa na jambo moja tu lililokolezwa kila asubuhi ili lisifutike, nalo ni saa ya kumchukua yeye kazini. Hapo hasira zikamwisha.

Nyumbani aliishi na shangazi yake, mpiga chapa mstaafu mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutafutia ile nyingine. Kila Jumapili alipomwona binti wa kaka yake kainamia kompyuta, alitikisa kichwa.

"Unaongea na ukuta, mwanangu. Tena ukuta wenyewe uko ndani ya simu za watu."

"Naandika nijue ninachofikiri, Shangazi. Halafu nikirudi baada ya mwaka, najikuta palepale nilipojiacha."

"Mh! Haya, jikute."

Mambo yalikuwa matamu hivyo mpaka bosi wa Fundi alipomwita ofisini. Kulikuwa na jengo jipya katika mji wa mbali, lifti kumi na mbili, akawe msimamizi kwa miaka miwili. Jibu lilitakiwa Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Fundi alitaka kusikia neno moja tu kutoka kwa Bi Kadi, kwamba abaki. Akiambiwa abaki, atabaki, na siku hiyohiyo atamposa.

Jumapili mchana alifika amevaa shati jeupe, doa la grisi kwenye kola. Shangazi alimkaribisha, akamwonesha kiti mezani. "Mwenzako yuko juu anaanua nguo, anakuja sasa hivi." Akaenda kumletea maji.

Boksi la kadi lilikuwa mbele yake, wazi. Tusimlaumu sana, nani asingechungulia? Alitaka tu kujua yeye yuko wapi kwenye maisha yale yaliyopangwa. Alitafuta kwenye fungu la Leo, hakujiona. Akatafuta Wiki Hii, akatafuta Mwezi Huu. Hayupo. Mwisho kabisa wa boksi ilisimama kadi nyeusi ndefu isiyo na maandishi, na nyuma yake kadi tano tu. Ya mwisho iliandikwa "Fundi". Haikuwa na tarehe wala maelezo yoyote.

Moyo wake ulishuka bila breki. Karakanani kwao nako kuna boksi la kadi, moja kwa kila lifti wanayoihudumia. Mbele hukaa zinazofanya kazi, katikati zinazosubiri vipuri. Nyuma ya kadi nyeusi huwekwa zilizokufa, zile ambazo hakuna fundi atakayezigusa tena, na kadi zake huachwa bila tarehe. Yeye mwenyewe alikuwa amewahi kuzika lifti saba humo.

Bi Kadi akateremka na gauni la kijani na kapu la nguo kiunoni. "Mbona umekaa kama mgonjwa anayesubiri kung'olewa jino?"

"Kichwa tu." Fundi hakumtazama. "Nimepata kazi mji mwingine. Miaka miwili."

Kapu lilitua sakafuni. "Umekubali?"

"Nadhani nitakubali. Hakuna kinachonizuia."

Alisema hivyo ili abishiwe. Bi Kadi alitaka kupiga kelele kwamba mimi je, mimi siyo kitu? Lakini alikuwa na kiburi chake, na mtu akishakutamkia kwamba hakuna kinachomzuia, utamshika kwa lipi? "Basi hongera," alisema, akaanza kukunja shuka.

Jumanne alipiga simu yeye.

"Fundi, uko salama?"

"Niko salama. Wewe?"

"Mimi pia."

"Haya basi."

"Haya."

Kisha alilia chooni kliniki, akanawa uso, akarudi kwenye kaunta kuwapangia watu siku za kuziba meno. Jioni alitoa kadi mpya aandike la kufanya kuhusu jambo lile. Aliishika saa nzima, akairudisha tupu.

Ijumaa saa tatu asubuhi Fundi alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya bosi, mkataba magotini, akisubiri aitwe asaini. Simu ikaita.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nikuulize, na usinifiche. Jumapili nilikuacha mezani unacheka, nikarudi na maji nikakuta umepauka. Uliona nini kwenye boksi lile?"

"Nilijiona, Shangazi. Nyuma ya kadi nyeusi."

Shangazi alicheka, akacheka mpaka akapaliwa, Fundi akalazimika kuweka simu mbali na sikio.

"Shangazi, hili si la kucheka."

"Ngoja, nafuta miwani. Baba, wewe umesoma anayoyaandika yule mtoto?"

"Nilikuwa nataka kuanza..."

"Miezi mitano ulikuwa unataka kuanza! Fungua sasa hivi, tafuta kadi nyeusi. Ni ya miaka mitatu iliyopita, mvua zilikuwa zinanyesha."

"Wewe unaisomaga?"

"Kila Jumapili, akishalala. Na ukimwambia, sitakuita mkwe." Akakata.

Fundi alifungua. Alipita juu ya Jumapili nyingi, namna ya kupanga droo, namna ya kumaliza barua usiyotaka kuijibu, juu ya siku Bi Kadi alipopoteza funguo na kuona haya kuwaambia wasomaji wake. Alijikuta anacheka peke yake. Kisha akaifikia.

"Mnaniuliza kadi nyeusi ni ya nini," Bi Kadi alikuwa ameandika, muda mrefu kabla ya kukutana na mtu yeyote dukani. "Mbele yake naweka yote ninayoweza kuyasahau, ndiyo maana nayapa tarehe. Nyuma yake naweka yale nisiyohitaji kukumbushwa. Baba yangu yuko huko, na nambari yake ya simu ambayo haipokelewi tena. Mama yuko huko. Shangazi aliyenilea yuko huko, ingawa ananicheka. Na nyumba tuliyokaa wote wanne. Hizo kadi nne sizifungui, nataka tu ziwe ndani ya boksi ninalolibeba. Sidhani kama nitapata ya tano."

Chini yake hapakuwa na maoni hata moja. Fundi alisoma mara tatu, na mara ya tatu herufi zilikuwa zinaogelea. Mwanamke huyu hakuyaandika ili kumbembeleza mtu. Alikuwa ameyaandika akiwa hamjui, akayaacha hapo, na yalikuwa yakimngoja miaka yote hiyo.

Mlango ukafunguliwa. "Haya, kijana," alisema bosi, "umesaini?"

"Hapana, bosi. Nimepata kinachonizuia."

"Kitu gani?"

"Kadi ya tano."

Bosi alimtazama kama mtu aliyepigwa na umeme wa lifti. "Nenda kapumzike."

"Siwezi, bosi, nina haraka. Mpe yule mwenzangu wa zamu ya asubuhi, wakwe zake wako mji ule."

Saa nne kasoro, kliniki ilikuwa imejaa. Simu ya Bi Kadi ikalia kidogo chini ya kaunta. Blogu yake imepata maoni. Alifungua akidhani ni wale wauzaji wa dawa za nywele.

"Nimechelewa miaka mitatu kusoma hapa," yalisema maoni. "Karakanani kwetu, nyuma ya kadi nyeusi tunaweka lifti zilizokufa. Nilidhani umenizika. Niko chini ya jengo lako na napanda kwa ngazi, maana fundi wa lifti hii ni mzembe. Msomaji wa arobaini na nne."

Alikuwa hajamaliza kufuta machozi. Mlango ulisukumwa, na Fundi akaingia anahema, ovaroli imefungwa vifungo vya kupishana.

"Nataka miadi," alisema.

"Jino gani?" Bi Kadi aliinua kidevu. "Na kwa nini hukuniuliza? Siku tano, Fundi! Siku tano nimekunja shuka zilezile!"

"Niliogopa utanijibu. Nisamehe, mpenzi. Nisamehe kwa kuchungulia, na kwa kutosoma, na kwa kusema hakuna kinachonizuia. Nilisema uongo. Nikikaa na wewe mpaka saa moja, saa moja na dakika moja nimeshakukumbuka."

Wagonjwa walikuwa wameacha kuugulia. Fundi alitoa mfukoni kadi nyeupe, moja ya zile hamsini, ya pekee iliyonusurika kufuliwa. Aliisukuma juu ya kaunta. Ilikuwa imeandikwa, "Kumuoa Bi Kadi."

"Haina tarehe," alisema Bi Kadi.

"Naogopa kuiweka peke yangu. Wewe ndiye unayejua kila kitu kinakaa wapi."

Bi Kadi aliitazama ile kadi muda mrefu, mpaka bwana mmoja mwenye shavu lililovimba akanyanyua mkono. "Dada, mjibu jamani, jino langu linauma!"

"Lete mkono," Bi Kadi alimwambia Fundi.

Akachukua kalamu ya kliniki, akakifungua kile kiganja chenye grisi, akaandika polepole, kwa herufi kubwa, neno moja: NDIYO. Kisha akakifunga kwa mikono yake yote miwili.

"Usinawe," alisema.

Na Fundi hakunawa mpaka jioni, Shangazi alipotafuta miwani yake ya kusomea, akaipata, akajisomea mwenyewe.