Jibu la Jumanne

Ujumbe uliingia saa tatu na dakika nane asubuhi, Mwiba akiwa kwenye usukani.

"Nguo zimekauka. Anua kabla ya saa nne. Kamba namba mbili."

Mtu mwingine angedhani ni mume anakumbushwa kazi za nyumbani. Mwiba alikuwa na miaka kumi na mmoja kwenye ujasusi, na kwake maneno hayo yalikuwa na maana moja tu. Kamata mtu leo. Yuko bandari kavu, kule malori yanakopanga foleni na makontena mgongoni.

Aligeuza Land Cruiser katikati ya barabara. Lori la saruji lilimpigia honi mpaka likachoka.

Sekunde kumi baadaye ikaingia picha ya mtu wa kukamatwa.

Mwiba alikanyaga breki.

Ilikuwa picha ya kaka yake.

Alimpigia Mkuu wake wa kazi papo hapo.

"Mkuu, hii picha umekosea."

"Sijakosea."

"Basi mpe kazi mtu mwingine."

"Nimekupa wewe kwa sababu hatakukimbia. Sasa sikiliza. Wiki iliyopita kontena la vigae lilipinduka barabarani. Ndani hamkuwa na kigae hata kimoja. Bunduki mia mbili! Skana ya bandari kavu ililipiga picha, lakini wakaguzi waliona vigae kwenye kioo chao, wakafungua geti. Kuna mtu aliyeuchezea mtambo, na aliingia kwa jina na nywila ya kaka yako. Kontena la pili linatoka leo kabla ya saa nne. Hatujui ni lipi."

"Fungeni geti."

"Tukifunga, wenyewe watanusa na kulitelekeza. Tutabaki na bunduki bila mtu. Kaka yako aseme ni lipi. Asiposema, kesi yote ni yake."

"Kifungo gani?"

"Maisha."

Simu ikakatika.

Mwiba aliingiza gia. Mikono ilikuwa imetulia kama kawaida yake.

Saa tatu na dakika ishirini na nane alisukuma mlango wa chumba cha seva. Ndani kulikuwa na baridi ya kuuma meno, feni zikivuma mfululizo. Kaka yake, mhandisi wa mitambo ya kompyuta, alikuwa amevaa sweta mbili na kofia ya sufu. Alipomwona alitabasamu mdomo mzima.

"Mdogo wangu! Leo jua limechomoza upande gani?"

"Nyoosha mikono, kaka."

Alidhani ni mzaha. Akainyoosha akicheka. Pingu zikalia mara mbili, na kicheko kikaishia pale pale.

Ndiye aliyemfundisha Mwiba kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yake huku ameshika kiti. Mwiba alijisikia vibaya mno, na aliendelea na kazi.

Alimweleza yote kwa sentensi nne. Bunduki. Picha za uongo. Nywila. Saa nne.

"Na wewe umeamini?"

"Nimetumwa. Kontena ni lipi?"

"Nitajuaje mimi?" Kisha akavuta pumzi, akageukia kompyuta na kuanza kubonyeza kwa mikono yake iliyofungwa. "Niache niangalie. Kama kuna mtu amepitia kwenye mtambo wangu, nataka kumwona mwenyewe."

"Una dakika tano. Na uniambie unachofanya."

"Sawa. Skana ikishapiga picha, inaituma kwenye foleni ya wakaguzi. Ila skana yenyewe haijui foleni hiyo iko kwenye mashine gani. Inajua jina tu. Kuna daftari la majina humu ndani. Skana inaliuliza daftari, daftari linaipa njia ya kufika. Hiyo njia sisi tunaiita kiwanda cha miunganisho."

"Kiwanda?"

"Hata kijiko hakitengenezi. Kinatengeneza mawasiliano tu. Sasa, mtu akiandika anwani yake kwenye daftari, picha zote zitakwenda kwake kwanza. Atabadilisha anayoitaka, nyingine ataziachia zipite."

Alifungua daftari. Macho yakakimbia juu ya mistari. Uso ukamsawijika.

"Anwani iko sawa," alisema polepole.

"Sawa?"

"Ni ile ile niliyoiandika mimi. Hakuna kilichoguswa."

Mwiba aliitazama G-Shock yake. Saa tatu na dakika thelathini na sita. Kama anwani ilikuwa sawa, hakukuwa na mwizi mwingine zaidi ya mtu aliyeketi mbele yake.

"Simama, kaka. Twende."

"Subiri."

"Simama!"

"Subiri kidogo, wewe mtoto!" Alifoka kama enzi zile za nyumbani, na Mwiba, ambaye majambazi wanamkimbia, akasubiri. "Skana haiulizi kila siku. Inauliza mara moja tu, ikiwashwa. Ikishajibiwa inakumbatia jibu hilo hilo mpaka izimwe. Mtu anaweza kuandika anwani ya uongo, akazima skana na kuiwasha, kisha akarudisha anwani ya kweli. Wapelelezi wakija wanakuta daftari safi. Lakini skana bado inakwenda kule ilikoambiwa!"

Alibonyeza tena. Kioo kikatoa mstari mmoja.

Skana iliwashwa mara ya mwisho Jumanne ya wiki iliyopita, saa saba na dakika nne mchana.

Mwiba aliusoma mara mbili. Jumanne hiyo saa saba mchana alikuwa hospitalini, kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji, mama yao akitolewa mtoto wa jicho. Kaka yake alikuwa amelala begani kwake, anakoroma, na manesi wakicheka.

Basi aliyeizima skana na kuiwasha hakuwa yeye.

"Nani anaweza kuizima skana?"

"Mimi nikiwa humu chumbani, au mwenye ufunguo wa kabati lake. Meneja wa zamu. Nywila zetu wote pia anazo kwenye bahasha, eti kwa dharura."

"Na sasa hivi skana inatuma picha wapi?"

"Mashine namba sabini na saba." Alivuta karatasi ya nyaya ukutani, akapitisha kidole. "Stoo ya vipuri. Ghorofa ya juu."

Mwiba alitoa ufunguo, akafungua pingu. Kaka yake alisugua vifundo vya mikono bila kumtazama.

"Ukiizima na kuiwasha sasa?"

"Itauliza upya. Itapata anwani ya kweli, na picha zitafika kwa wakaguzi bila kupita kwake. Dakika moja tu. Ila yeye ataona amekatika. Atakimbia."

"Ndicho ninachotaka." Mwiba alimtupia redio ya Motorola. "Nikisema kata, kata."

Alipanda ngazi mbili mbili. Ukumbi wa juu ulinuka grisi na kadibodi. Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa, na chini yake kulikuwa na mstari wa mwanga wa buluu. Alibana ukutani. Glock mkononi.

Dirisha la ukumbi lilitazama uwanja. Lori jekundu lilitoka kwenye skana, geti likafunguka. Likaingia la kijani.

"Kata."

"Nimekata."

Ndani ya stoo mtu alitukana.

Kiti kilianguka. Vidole vilibonyeza, vikabonyeza tena. Halafu kimya.

Mlango ulifunguka na meneja wa zamu akatoka mbio, kompyuta kwapani, simu sikioni. Watu walimwita Bosi Tai kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila tai shingoni.

"Ondo..." alianza, kisha akaona mdomo wa bastola.

Alirusha kompyuta. Mwiba aliinama, ikapasuka ukutani. Meneja akamvamia kwa kilo zake zote, wakagonga reli ya ngazi, bastola ikateleza sakafuni. Alimkaba koo. Mwiba alishika tai, akaizungusha mkononi mara moja, akavuta chini kwa nguvu zote huku akiinua goti.

Meneja alikaa chini taratibu, pua ikichuruzika damu. Simu bado ilikuwa mkononi mwake.

"Ondoka!" alipiga kelele. "Vunja geti, ondoka sasa!"

Uwanjani injini ya lori la kijani ilinguruma.

Redio ikaita. "Skana imewaka. Imeuliza. Imepata anwani ya kweli." Kaka yake alikuwa anahema. "Picha imefika kwa wakaguzi. Mdogo wangu, hati ya lori inasema magodoro. Hii ni mitutu ya bunduki, imejaa mpaka juu!"

Mwiba aliokota Glock, akavunja kioo cha dirisha kwa kiwiko.

Risasi ya kwanza ilitoboa tairi la mbele kulia. Ya pili, la kushoto. Lori liliyumba, likabusu nguzo ya geti na kusimama, mvuke ukitoka puani mwake. Dereva alishuka mikono juu, bila hata kuambiwa.

Pingu zilizokuwa mikononi mwa mhandisi sasa zilimfunga meneja kwenye reli ya ngazi.

Ilikuwa saa tatu na dakika hamsini na saba.

"Nimepata mtu, mashine na mzigo," Mwiba alimwambia Mkuu kwenye simu. "Mhandisi hana kesi."

"Una hakika?"

"Shahidi wake ni mimi."

Chini, wakaguzi walikuwa wamelizunguka lori, wote wakisema kwa pamoja. Kaka yake alisimama kando, juani, bado na kofia yake ya sufu. Mwiba alimfuata. Alitamani kumkumbatia na hakujua aanzie wapi.

"Pale ulipoingia," kaka yake aliuliza, "uliamini ni mimi?"

Uongo ulikuwa kazi yake ya kila siku. Angeweza kumpa mmoja mzuri, laini, na angeulipia baadaye.

"Ndiyo, kaka. Niliamini."

Kaka yake alitikisa kichwa taratibu. Alama za pingu zilikuwa bado nyekundu kwenye vifundo vya mikono yake.

"Jumapili hii usije kula nyumbani," alisema. "Nitamwambia mama una safari."

"Sawa."

"Ile nyingine njoo."

Mwiba alivaa miwani yake ya jua. Alitembea mpaka kwenye gari bila haraka, akapita katikati ya askari wa geti waliokuwa wakimpisha, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba analia.