Kipande cha Tano

Duka la fotokopi lilikuwa limefurika, kila mtu na haraka yake, feni ilipopeperusha kurasa zote za muswada wa filamu wa dada mmoja mwenye gauni la zambarau. Kijana wa miwani akainama kumsaidia. Akaokota, akasoma, akasahau kurudisha.

"Kaka, samahani, hizo ni zangu."

"Tamu. Lakini inakimbia tu, haipumui. Igawe vipande vinane. Kila kipande mtu wako atake kitu kimoja, na mwishoni mambo yamharibikie zaidi."

"Na wewe ni nani wa kunigawia hadithi yangu?"

"Mhariri wa filamu. Wananiita Mkasi."

Mwandishi alicheka, na mambo yakaanzia hapo. Kila wiki kipande kimoja, na kila kipande simu ndefu.

"Mwandishi wangu, umekula?"

"Nimekula maneno tu, mpenzi."

Kufikia kipande cha nne walikuwa hawabanduki. Cha tano kikagoma.

Alasiri moja Mkasi alimfungulia moyo. Siku baba yake alipokata roho, mama alimpigia mara kumi na moja. Yeye alikuwa amezima simu, anahariri filamu. Baadaye akamdanganya mama kwamba chaji iliisha.

Mwandishi aliyaandika hayo katika kipande cha tano, wala hakumwambia. Prodyuza aliyekubali kuitengeneza filamu alikipenda kipande kile kuliko vyote, akampa Mkasi kazi ya kuihariri filamu, akamtumia muswada.

Saa nne asubuhi simu ikaita.

"Umebadilisha jina tu," Mkasi alisema, sauti kavu. "Simu kumi na moja umeziacha zilezile."

"Mpenzi, nisikilize..."

"Mama hakosi filamu yangu hata moja. Ulimfikiria?" Akakata.

Mwandishi akaenda moja kwa moja kwa prodyuza, akamwambia anakitoa kipande cha tano.

"Ukikitoa hicho, filamu imekufa."

"Basi imekufa," Mwandishi akajibu, akatoka na muswada kwapani. Miaka miwili ya kazi.

Alimkuta Mkasi chumba cha uhariri, macho mekundu. Hakukaribishwa kiti.

"Nimekitoa. Filamu haipo tena. Sikuja kuonewa huruma. Nilikuibia, nimekuja kukiri."

Mashine zikavuma.

"Nimetoka kwa mama," Mkasi akasema. "Niliogopa aje aone mwenyewe, nikamwambia."

"Akasemaje?"

"Alijua siku zote. Alikuwa anangoja niseme." Akamgeukia. "Miaka sita, Mwandishi. Halafu akasema nikuoe haraka, kabla hujaandika siri nyingine."

Mwandishi hakucheka. "Hayo ni ya mama. Ya kwako yako wapi?"

Mkasi alisimama, hajui mikono aiweke wapi.

"Bado nina hasira na wewe. Ila nataka hasira zangu ziishie nyumbani kwetu, siyo kwenye simu. Utanikubali hivyo?"

"Kasirika tu," akasema, machozi yakimtiririka. "Mimi siendi popote."