Mukate wa Aurélie

Kila asubuhi Nshobole aliamshwa na kelele za mtaa wa Mapendo. Pikipiki zilipiga honi, na fundi wa jirani aligonga mabati. Binti yake Aurélie, mwenye miaka mitano, aliamka akiwa ameziba masikio na kulia. Mtoto huyo hakuwa amesema neno hata moja tangu azaliwe.

Kumlisha kulikuwa vita. Bukari, ugali wa kila siku, hapana. Sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akiigusa tu kwa kidole, alitapika. Alikula mukate na maziwa, basi.

Watu walisema mengi. Lakini lililomchoma Nshobole lilitoka kwa mama mkwe wake, aliyekuja kuwatembelea kutoka Bukavu.

"Kwetu hakujazaliwa mutoto kama huyu. Ulikula nini wakati wa mimba?"

Mume wa Nshobole, Bashige, alisikia yote lakini hakumtetea mkewe, na hilo likamuumiza zaidi.

Siku moja rafiki yake Jolie, muuza vitenge katika soko la Birere, alimwonyesha video kwenye simu.

"Ona, dada. Banasema mukate na maziwa vinaharibu ubongo. Ukiviondoa, mutoto anaongea."

Nshobole aliamini, maana alitaka sana kuamini. Akaondoa mukate. Akaondoa maziwa. Aurélie hakukubali chakula kingine chochote. Mwanzoni alilia kwa njaa. Kisha akaacha kulia, na hapo ndipo Nshobole alipoogopa. Alimbeba mgongoni akakimbia naye kituo cha afya. Mtoto alikuwa mwepesi mno.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Masika. Alimpima Aurélie, akaanza kumnywesha maziwa kidogo kidogo.

"Amekula nini siku hizi?"

"Karibu hakuna kitu, munganga. Nilitaka aongee."

Nshobole akalia mbele ya watu wote. Masika hakumgombeza. Aurélie alipopata nguvu, daktari wa watoto alimchunguza kwa makini, akawaambia kwamba ana usonji, ule unaoitwa autisme. Bashige naye alikuwa amefika. Masika akakaa nao, wakamweleza yote: mukate, sombe na kelele.

"Ni mimi niliyemuharibu?" Nshobole aliuliza.

"Hapana, mama. Ubongo wake ulianza kujijenga hivyo tangu tumboni. Wataalamu wanaona mengi yanatoka katika urithi, upande wa baba na upande wa mama. Mengine bado wanayatafuta. Lakini si uchawi, si chanjo, na si malezi yako."

"Na mukate?" Bashige akauliza.

"Kuna wanaochunguza tumbo na vyakula. Mpaka leo hakuna uhakika kwamba kuondoa mukate na maziwa kunasaidia usonji. Lakini njaa tunaijua, inaua. Huyu hana kiburi, papa. Ulimi wake na masikio yake vinasikia kupita vyetu. Sombe ile laini inamchoma mdomoni kama vile kelele inavyomchoma masikioni."

"Ataongea lini?"

"Sijui, mama. Wengine huongea, wengine hawaongei."

Nshobole alitamani mtu amdanganye. Hakuna aliyemdanganya.

"Mrudishieni mukate wake," Masika alisema. "Mlisheni pahali patulivu. Wekeni pembeni chakula kipya kidogo, msimlazimishe. Wala msimfichie kitu ndani ya mukate. Akigundua, atauacha na mukate wenyewe. Kila mwezi mnileteeni nimpime uzito na damu."

Nyumbani, mama mkwe alianza tena maneno yake. Safari hii Bashige alijibu.

"Mama, huyu ni damu yetu sisi wawili. Usimulaumu tena muke wangu."

Wakaanza kumlisha Aurélie mapema, kabla fundi hajaanza kugonga mabati. Kando ya mukate Nshobole aliweka kipande cha kiazi kilichochemshwa. Aurélie alikisukuma. Kesho yake akakisukuma tena. Miezi ikapita. Mara nyingi Nshobole alikaa jikoni peke yake, akijiuliza nani atamlisha mtoto huyu siku yeye akifa.

Lakini alizidi kuweka kiazi.

Asubuhi moja Aurélie alikinusa. Akakigusa kwa ulimi. Kisha akakiuma, akatafuna polepole, akameza. Hakusema neno. Hakumtazama mama yake.

Nshobole alitaka kupiga vigelegele, akajizuia, maana vingemuumiza mtoto masikio. Akasogeza kipande kingine, taratibu, akangoja.