Koili Isiyopimwa

Mchana ule fundi redio alikuwa mezani kwake akifungua pasi ya jirani, na dada yake mkubwa alikuwa sakafuni anachambua mchele. Jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya chumba. Tangu mke wa fundi azikwe, nyumba ile ilikuwa na ukimya wa namna yake. Haukuwa ukimya wa huzuni, ulikuwa ule wa friji iliyochomolewa.

Mtaa ulikuwa umeshamsema mpaka ukachoka. Siku ya mazishi hakutoa chozi. Wenzake wanalia, yeye anatazama kipaza sauti, kisha anamnong'oneza mwenye mitambo kwamba ule mvumo unatokana na waya uliolegea. Wanawake wakatazamana. Wapo waliosema hakumpenda mkewe, na wapo wenye midomo isiyo na breki, nami siwatetei, waliosema makubwa zaidi. Ukweli ni kwamba hakuhisi kitu. Alikula, akaoga, akalala, akaamka. Dada yake alipombana sana alijibu kwamba kifuani pamekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Sasa mchana huo dada mtu alikumbuka jinsi marehemu alivyokuwa akimgombeza muuza maziwa, akataka kumwigiza, angalau wacheke kidogo. Akafungua mdomo. Hakikuja kitu. Maneno aliyakumbuka yote. Sauti ndiyo iliyompotea.

"Mdogo wangu," akasema polepole, "hivi wifi alikuwa na sauti ya namna gani?"

Fundi akaweka bisibisi chini. Akatafuta kichwani. Akaupata uso, akavipata vidole, akaipata hata namna alivyokuwa akikohoa kumwamsha. Sauti hakuipata.

Ilikuwepo sehemu moja tu. Marehemu alipokuwa msichana, kabla hajamjua mume, aliimba kwenye chumba cha kurekodia, na mtambo ukachonga wimbo wake papo hapo kwenye sahani nyeusi laini. Nakala moja, basi. Santuri za aina hiyo ni laini kama kucha zilizolowa. Kila sindano inayopita inaondoka na chake. Fundi akaitoa kabatini, akaiweka kwenye gramafoni yake yenye kichwa cha kale. Wakasikia mafuta yanayokaangwa, na ndani yake, mbali, kitu kinacholia ambacho kingeweza kuwa mtu au mlango. Fundi akainua mkono wa gramafoni haraka. Ikipigwa hivyo mara chache zaidi, ingebaki sahani ya kufunikia mtungi. Sauti yote ya mkewe iliyobaki duniani ilikuwa pale, na chombo cha kuitoa ndicho kilichokuwa kinaila.

Kwa hiyo akaenda kwa mzee muuza vichwa.

Mzee huyu zamani kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kuchonga santuri. Sasa anauza vichwa vya gramafoni, vile vidude vidogo vinavyoshika sindano. Aliitazama sahani juani bila kuigusa katikati, akaipindua, akaguna. Akamweleza fundi kwamba vichwa ni vya namna mbili. Kuna vile ambavyo sumaku ndiyo inayocheza na koili zimetulia. Hivyo vina nguvu, havina makuu, sindano ikichoka unaichomoa unaweka nyingine. Na kuna vile ambavyo koili yenyewe ndiyo inayotembea, waya mwembamba kuliko kope, umebebwa mgongoni mwa sindano. Hivyo sauti yake ni hafifu, vinataka kikuza sauti cha ziada, na sindano ikiharibika umekwisha. Lakini ni vyepesi. Vinasikia ambayo wenzao wanayaruka.

Fundi alitaka kile chenye ncha ya mviringo. Mzee akakirudisha kwenye pamba.

"Hiyo itapita juu, kwenye kuta za mfereji wa santuri zilizokwisha tafunwa," akasema. Akatoa kingine, ncha yake nyembamba kama unywele uliopasuliwa. "Hii inashuka mpaka chini ya mfereji. Huko hajapita mtu."

Mzee alipokuwa anakifungasha akamshika fundi mkono. Akamwambia asithubutu kukipima kwa mita ya umeme, hata kama mkono unamwasha. Mita inapeleka umeme ndani. Koili ya aina hii ukiipelekea umeme inaisukuma sindano ichonge.

"Hii ni ya kusikiliza tu, fundi. Usiifanye iseme."

Fundi akaitikia kama mtu anayeambiwa avae sweta.

Kesho yake asubuhi fundi akakifunga kwenye gramafoni, akaiunga na kikuza sauti. Dada yake anasema hajapata kumwona mtu akihangaikia jambo dogo namna ile. Alivisha nyaya nne kwa kibanio, moja moja, bila kupumua. Aliweka karatasi yenye mistari, akakisogeza kichwa mbele, akakirudisha nyuma, mpaka kikasimama sambamba na mistari. Alipima uzito wa sindano kwenye mzani mdogo kama wa dhahabu. Aliweka kioo chini ya ncha aone kama imesimama wima au imelalia upande. Alishusha mkono wa gramafoni unywele mmoja, akaupandisha nusu unywele. Dada mtu akamuuliza kwa utani kama anamvisha bibi harusi. Hakucheka.

Halafu akaishusha sindano kwenye santuri.

Kwanza hapakuwa na kitu. Halafu kikaja chumba. Ndiyo, chumba, ungeweza kuhisi kuta zake. Kiti kikalia. Mtu akameza mate. Halafu yule msichana akaanza kuimba, karibu, kama yuko upande wa pili wa meza, na dada mtu akaangusha ungo. Sauti ilikuwa nyembamba, yenye mkwaruzo mwishoni mwa neno. Ndiyo yenyewe. Alilia pale pale.

Fundi alisikiliza. Basi. Alijipapasa kifuani kama mtu anayetafuta funguo, hakupata kitu.

Wimbo ulipokuwa unakaribia mwisho, spika moja ikanyamaza. Na hapa ndipo mkono wa fundi ulipomponza. Mafundi wa namna yake, kitu kikinyamaza, hawafikiri, wanachukua mita. Na yeye alikuwa na kawaida yake, miaka yote, kila anapopima waya anauliza kwa sauti kama anapiga hodi. Akaizima gramafoni sahani ikasimama, sindano bado imelala mferejini. Akagusisha ncha za mita nyuma ya kichwa.

"Upo?" akauliza.

Sindano ikaruka. Kidogo sana. Ikatoa mlio kama wa kucha kwenye meza.

Ndipo akakumbuka maneno ya mzee.

Akaondoa mita. Akakaza waya uliokuwa umelegea, kumbe kosa lilikuwa hilo tu. Akairudisha sindano mwanzo. Wimbo ulikuwa mzima, afadhali. Ukaisha. Kikabaki chumba. Kiti kikalia.

"Nipo," akasema msichana.

Dada mtu akashika ukingo wa meza. Nje, jirani alikuwa anamwita mwanawe aje kunawa.

"Wewe nani?" akauliza msichana.

Sahani ikafika mwisho wake, ikawa inazunguka bure.

Yule aliyeuliza alikuwa bado hajakutana na fundi. Hajaolewa, hajaugua, hajazikwa. Hajui kama kuna mwanamume atakayesimama kaburini kwake akisikiliza waya. Fundi akaanza kuisogeza sindano nyuma kwa kidole. Dada yake akamshika bega, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wifi yake amezikwa, huyu haijulikani ni nani, na asimjibu. Fundi akauondoa ule mkono begani taratibu, kama anavyoondoa vumbi.

Akagusisha mita. Akainama karibu na sindano.

"Mumeo."

Mlio wa kucha. Akapiga tena santuri. Safari hii wimbo haukuwepo. Tangu mwanzo ni chumba tu, na mtu anayepumua. Pumzi ya kusubiri. Ikakaribia. Ikakaribia tena.

"Sauti yako nzuri," akasema msichana. "Mimi yangu imeliwa. Niachie hiyo."

"Usimwachie," dada mtu akanong'ona. "Mdogo wangu. Usimwachie."

Fundi akageuka akamtazama. Dada yake anasema uso ulikuwa ule ule wa siku zote, mkavu, isipokuwa midomo ilikuwa inatetemeka. Ilimbidi achague, naye alikuwa na kitu kimoja tu cha kutoa. Akachukua mita. Akainama. Midomo ikacheza, ikasema kitu kirefu, kirefu kuliko alichopata kumwambia marehemu maisha yao yote. Dada mtu alikuwa amesimama hapo hapo, hatua moja. Hakusikia hata neno.

Sindano ilicheza muda wote huo.

Alipomaliza, machozi yakamtoka. Yakatoka kama bomba lililopasuka, akajipiga kifua, akaanguka magotini, kinywa wazi, mishipa ya shingo imesimama. Kilio cha mume aliyefiwa, kile tulichokisubiri mazishini. Ila hakikuwa na sauti. Chumba kizima kimya, na mtu analia ndani yake.

Hajasema neno mpaka leo. Daktari alimmulika koo, akasema ni zima, halina kidonda wala uvimbe. Hana ganzi tena. Analia akiona kikombe, analia akiona mlango. Dada mtu ndiye aliyekichomoa kile kichwa, akakirudisha kwa mzee, akakata na waya wa umeme wa gramafoni kwa kisu. Santuri imebaki juu ya gramafoni chini ya kifuniko. Fundi hataki iguswe, na hakuna mwenye hamu.

Ni juzi tu dada mtu alipoinua kifuniko apanguse vumbi. Akakuta uzi mweusi umejiviringa juu ya santuri, mwembamba, laini, lundo kama nywele zilizotoka kwenye kitana. Akaukusanya, akautupa jikoni motoni. Ukawaka mara moja kwa mwanga mweupe, ukaisha bila majivu. Kesho yake akakuta mwingine. Akauchukua huo kwenye karatasi akampelekea mzee wa vichwa.

Mzee aliunyoosha kati ya vidole viwili. Ulikuwa mmoja, haukukatika. Akamwambia kwamba uzi wa namna hiyo hutoka kwenye kazi moja tu: santuri inapochongwa, na mtu yuko mbele ya kipaza sauti, anasema.

Akamuuliza nani anaongea pale nyumbani. Dada mtu akasema hakuna.

Leo asubuhi lundo lilikuwa kubwa zaidi.