Boila Iliyokuwa Ikijizima

Kila alasiri akitoka shule, kabla hata ya kuvua koti, Wassila alipita jikoni kumsalimu Zahi, chiriku wake mwenye uso mwekundu. Mji mzima wa Setif ulijua kwamba chiriku akipigwa na upepo wa baridi hana siku nyingi. Na kizimba cha Zahi kilining'inia chini ya tundu la hewa.

Kwa hiyo theluji ya kwanza ilipoanguka, Wassila alipanda kiti akaliziba tundu kwa skafu kuukuu. Hakumwambia mtu, maana Baba alishakataza tundu lile lisizibwe.

Tangu siku ile boila ya gesi iliyopasha nyumba joto ikaanza visa. Inawaka, inanguruma kidogo, inazima. Baba anabonyeza kitufe, inawaka, inazima tena. Bibi Yamina, mama yake Baba, alikaa kando ya boila amejitanda mablanketi, akikohoa na kuilaani.

"We Wassila, hebu izabe kofi hiyo mashine. Labda itashika adabu."

"Haisikii, Bibi."

"Basi imerithi tabia yako!"

Baba hakucheka. "Kuna mtu amegusa kitu humu jikoni?"

"Hapana, Baba," Wassila alijibu, akiangalia sakafu.

Fundi aliposema atakuja wiki ijayo, Baba alishindwa kuvumilia. Alifungua kifuniko cha boila. Jirani aliwahi kumwonyesha waya mwembamba wa kidude cha usalama, kinachoizima boila moshi unaposhindwa kutoka. Akakiruka kidude kile kwa kipande cha waya, kisiweze tena kuizima boila.

"Haya, jizime tena nikuone!" akaiambia.

Boila haikujizima. Jikoni kukawa na joto tamu, na Bibi akamwombea dua mwanawe.

Kesho yake Wassila alirudi kutoka shule asisikie wimbo wowote. Zahi alikuwa chini ya kizimba, miguu juu. Bibi alikuwa ameinamia sinia la kuskusi, punje za unga wa ngano alizokuwa akizifikicha, mikono yake bado ina unga.

"Bibi! Bibi, amka!"

Bibi hakuitika. Kichwa cha Wassila kilianza kuzunguka. Alifungua dirisha, akafunga gesi, akakimbilia ngazini akipiga kelele hadi majirani wakatoka.

Hospitalini, Bibi akiwa bado hajazinduka, daktari alisema ni hewa ya sumu, isiyo na rangi wala harufu, ambayo boila huitoa ikikosa hewa safi. Baba alikaa chini kwenye korido, akajishika kichwa.

"Ni mimi," alisema. "Nimemuua mama yangu kwa mkono wangu."

Wassila angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini kumwona baba yake analia kulimuuma kuliko adhabu yoyote aliyoiogopa.

"Baba, tundu la hewa nililiziba mimi, kwa ajili ya Zahi. Uliponiuliza nilikudanganya."

Baba aliinuka, akarudi wodini kwa mama yake. Hakumpiga wala hakumkumbatia.

Bibi alipona, lakini mikono yake haikuacha tena kutetemeka, na siku nyingine alimwita Wassila kwa jina la dada yake mwenyewe, aliyefariki zamani. Fundi alifika, akaondoa skafu, akarudisha waya ulivyokuwa. Boila ikawaka ikatulia. Ugonjwa wake ulikuwa skafu tu.

Ijumaa iliyofuata Baba alimwita binti yake jikoni, chini ya kizimba kitupu.

"Kila ilipojizima, mashine hii ilikuwa inatuonya," alisema. "Wewe ulijua sababu ukaificha. Mimi nilichoka kuonywa, nikaiziba mdomo. Tumekosa wote wawili, na anayelipa ni Bibi. Kuanzia leo, mwanangu, ukikosea niambie siku ileile, hata kama unaniogopa. Na mimi nitajitahidi usiniogope."

Wassila aliitikia kwa kichwa. Kisha akaketi mkekani karibu na Bibi, akavuta sinia, akaanza kufikicha kuskusi ambayo mikono ya mzee haikuiweza tena.

"Punje kubwa mno hizo," Bibi alinung'unika.

"Nifundishe, Bibi," alisema Wassila, machozi yakimtoka.